Redio Iliyojibu Maswali

Babati,
14 Februari 1984

Mpwa wangu Kandida,

Kwanza nakujulia hali. Sisi huku tunapumua, na kwa hali ya mwaka huu kupumua tu ni habari njema. Goti la mama yako limepona, sasa limemhamia mke wangu, kana kwamba wamepokezana. Ng'ombe mweusi amezaa. Sabuni hatujaiona tangu Krismasi, tunafua kwa majani ya mpapai. Sukari ilifika dukani kwa Bushiri siku moja asubuhi, na walioiona bado wanatusimulia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nitafute wino.

Wiki iliyopita shule yetu imeletewa redio. Imekuja ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, pamoja na betri kubwa nne na maagizo kwamba kuanzia sasa darasa la tano watafundishwa Sayansi na redio kila Jumanne saa nne asubuhi, na mwalimu wa somo "atasaidia". Mwalimu wa somo ni mimi. Yaani mimi Damasi, niliyeanza kufundisha Uhuru ukiwa bado unanyonya, leo ni msaidizi wa sanduku.

Nikaliweka mezani, nikageuza kitufe. Muziki ukalia. Kisha ikatoka sauti: "Hamjambo, watoto wa darasa la tano!" Kandida, sauti hiyo ni ya mtu niliyempangusa makamasi kwa mkono wangu. Ulituandikia kwamba uko "ofisini". Sisi tulidhani unapiga chapa.

Nilijaribu kufurahi, na kwa dakika chache niliweza. Kisha ukauliza, "Je, chura ni mnyama wa kundi gani?" ukanyamaza kidogo. Romanus, mtoto mmoja wa kiti cha nyuma ambaye hutafuna penseli mpaka ibaki risasi, akapaza sauti: "Ndege!" Nawe bila haya ukajibu: "Vizuri sana!" Darasa zima likampigia makofi. Tangu siku hiyo anatembea kama diwani. Nilipomwambia chura si ndege, akanijibu kwa heshima zote kwamba redio ya Dar es Salaam imesema vizuri sana.

Mimi sitiwi betri, na mtoto akikosa mbele yangu anajua amekosa. Nijibu: hii ndiyo elimu ya kisasa?

Mjomba wako,
Damasi


Dar es Salaam,
20 Machi 1984

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Salamu zangu zimfikie mama, pamoja na yeyote anayelitunza lile goti kwa sasa. Mimi sijambo. Jumamosi nilipanga foleni tangu alfajiri bila kujua kinachouzwa. Nilipofika mbele nikakuta ni vifuniko vya chupa za chai. Chupa zenyewe hazijaja. Nikanunua viwili.

Ndiyo, ni mimi. Nilificha kwa sababu ulinisomesha ualimu ili nishike chaki, na nilijua utasema nimeikimbia. Sikuikimbia, Mjomba. Niko kwenye kitengo kidogo kinachoitwa Sauti ya Darasa: tuko watu wanne na vinasa sauti viwili, kimoja mgonjwa. Natunga vipindi vya Sayansi na kuvisoma mwenyewe. Naipenda kazi hii kuliko nilivyowahi kupenda kazi yoyote.

Kuhusu Romanus umenishika pabaya. Redio haisikii. Naacha kimya ili mtoto ajibu, halafu lazima niseme kitu. Nikisema "umekosa", atalia yule aliyepatia kule Songea. Kwa hiyo nikachagua "vizuri sana". Na kwa kuwa umeuliza nitakwambia lote: miaka yote niliyokaa darasani kwako sikuwahi kuyasikia maneno hayo mawili. Nilipopewa redio nikayamwaga nchi nzima.

Sasa nina ombi, nami naliandika nikiwa nimepiga magoti. Mkuu wetu, Ndugu Alawi, ametuambia kwamba wakubwa wanataka kufunga kitengo kwa sababu hakuna shule hata moja iliyowahi kuandika kusema inasikiliza. Kikifungwa, mimi nitahamishiwa dirisha la kupokea matangazo ya vifo. Unanijua. Nitalia na kila atakayekuja, na foleni haitasogea.

Kikao cha kuamua kitafanyika mwisho wa Mei. Tafadhali andika barua kuhusu redio shuleni kwako, nikaisome pale. Sitaki uongo, sema tu kile kilicho kizuri. Wewe hujawahi kumsifu mtu, kwa hiyo watakuamini.

Mpwa wako,
Kandida


Babati,
8 Mei 1984

Kwa Kandida na wote watakaosomewa,

Salamu za heshima kutoka Babati, ambako mvua ni za kuombea na afya ni za kushukuru.

Napenda kuwajulisha kwamba redio yetu inafundisha kupita nilivyotazamia. Aprili yote na Mei hii haijakosa hata Jumanne moja. Watoto wanaijibu, nayo inawajibu. Anayekosa inamrekebisha. Imemweleza mwanafunzi Romanus kwamba chura si ndege, akaelewa, na papo hapo ikamwambia aache kutafuna penseli. Maswali ni mengi hata muda hautoshi. Naomba kitengo kisifungwe.

Hayo ni ya kikao. Haya ya chini usiyasome kwa sauti.

Nitumie maandishi ya vipindi vyote vilivyobaki mwaka huu, upesi, kabla havijatangazwa. Usiniulize kwa nini. Ukipata vidonge vya koo nitashukuru, sauti imenikauka. Na ukikuta foleni ya faneli, jipange. Hii niliyo nayo mke wangu anaidai kila siku apimie mafuta ya taa.

Mjomba wako,
Damasi


Dar es Salaam,
17 Juni 1984

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini koo linaendelea vema. Vidonge ni hivi, nimevifunga ndani ya maandishi ya vipindi visivunjike. Faneli hakuna. Nilimwuliza muuza duka mmoja akacheka mpaka akakaa chini.

Barua yako niliisoma mbele ya kikao. Nilipofika kwenye "naomba kitengo kisifungwe", mzee mmoja wa meza kuu alivua miwani akaifuta. Wametupa mpaka mwisho wa mwaka. Nilitoka nje nikapiga kigelegele peke yangu kwenye ngazi. Asante, Mjomba. Sikutegemea.

Lakini mambo mawili yananikosesha raha.

La kwanza, barua yako imependwa kupita kiasi. Ndugu Alawi anataka kuja Babati mwenyewe, mwezi wa tisa, na kinasa sauti, kuliona darasa lako la redio na kuwarekodi watoto.

La pili ni penseli. Vipindi vyote natunga mimi. Vyura nimewaandika mimi, mende nimewaandika mimi. Penseli ya Romanus sikuiandika. Halafu unasema redio inajibu maswali. Mjomba, redio ni sanduku. Hapo Babati kuna nini?

Nami nina langu kuhusu Aprili na Mei, ila nitangoja useme lako kwanza.

Mpwa wako,
Kandida


Babati,
29 Julai 1984

Mpwa wangu,

Nitaanza na habari za nyumbani, na nakusudia kuzirefusha. Ndama anakua. Maharage ya kijiji cha Bonga yametoka vizuri kuliko ya kwetu Mutuka. Mama yako hajambo. Mke wangu hajambo. Padre hajambo. Mbwa hajambo.

Naona zimekwisha.

Betri zilikufa Machi. Tulizianika juani juu ya bati la ofisi, kama kila mtu afanyavyo, zikafufuka kidogo. Tukazianika tena, sauti yako ikatoka nzito kama ya mzee wa baraza. Mwalimu mwenzangu Zena akasema moto unashinda jua. Akazipanga kuzunguka sufuria ya uji wa shule, na moja ikapasuka. Siku hiyo watoto walirudi nyumbani na njaa. Nikaenda kwa Bushiri. Akaniambia, "Mwalimu, betri mara ya mwisho mimi nimeiona kwenye kalenda."

Nikarudi kwenye chaki. Jumanne nikasimama mbele, nikaanza Sayansi kwa mdomo wangu niliopewa na Mungu. Wakanitazama kama watu waliopakuliwa uji usio na sukari. Kuna msichana mmoja anaitwa Tunu, wa mstari wa mbele, kichwa chepesi sana. Nikamwuliza mbona haandiki. Akasimama, akasema, "Samahani Mwalimu, tunangoja redio."

Nimewahi kuugua malaria ya kichwa, nimewahi kuanguka na lori mlimani Mbulu. Hilo liliniuma zaidi.

Na barua yako ilikuwa mfukoni. Unataka sifa za redio, nami sina redio, na uongo sikuzoea. Nikafikiri sana, nikaona kwamba nikiwa redio mimi mwenyewe, chochote nitakachoandika kitakuwa kweli.

Unaikumbuka ile stoo nyuma ya ubao, yenye kidirisha cha kutazama darasani. Niliiweka redio kwenye kidirisha, nikatundika kanga ya mke wangu nyuma yake, nikaingia na faneli mdomoni. Zena akageuza kitufe kwa heshima. Muziki nikaupiga kwa mdomo. Kisha nikasema kwa sauti nyembamba, kadiri nilivyoweza kukuiga: "Hamjambo, watoto wa darasa la tano!" Wakaitikia mpaka vumbi likadondoka darini.

Nilikusudia kufundisha kama unavyofundisha wewe, niulize, ninyamaze, niseme vizuri sana, basi. Lakini Romanus akarudia kwamba chura ni ndege, na uvumilivu ukaniishia. Nikasema, "Wewe wa nyuma, umewahi kuona chura mwenye manyoya?" Akasema hapana. Nikamwambia, "Haya, fikiri tena, na hiyo penseli itoe mdomoni." Akafikiri, Kandida. Miaka yote hii mtoto akikosa mimi humwita anayefuata. Sikuwahi kumngoja mtu afikiri.

Baada ya hapo wakaanza kuuliza. Kwa nini mende hafi ukimkata kichwa. Kwa nini mama akichemsha maziwa yanapanda na maji hayapandi. Mimi niliyekuwa najisifu kwamba darasa langu ni kimya! Nilidhani wamekwisha kuelewa, kumbe wameogopa.

Hili linalofuata usimsomee mtu. Wiki ya tatu Tunu aliuliza: "Redio, kwa nini Mwalimu Damasi hukasirika tukimwuliza?"

Nilikuwa nimekaa juu ya majembe ya shule. Nikakoroma kidogo kama mawimbi yameharibika, nikamgongea Zena ukutani azime. Sikutoka mpaka kengele ilipolia. Niliona haya, sikufichi.

Huyo mkuu wako asije. Mwambie daraja limekatika. Mwambie lolote.

Mjomba wako,
Damasi


Dar es Salaam,
26 Agosti 1984

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisomea ndani ya basi, nikacheka mpaka kondakta akaniuliza kama nimelipa. Nilipofika kwenye swali la Tunu nikaikunja, nikaimalizia nyumbani.

Umesema lako, nami niseme langu. Aprili na Mei hatukurusha kipindi hata kimoja. Mtambo wetu ulikuwa umekufa, tunangoja kipuri. Kwa hiyo uliposema redio yako haikukosa hata Jumanne moja, nilijua si kweli tangu mstari wa kwanza. Nikaisoma hivyo hivyo mbele ya wakubwa, kwa sauti yangu nzuri. Mama akijua atanichapa na ukubwa huu.

Nilidhani siri hiyo ni yangu peke yangu. Baada ya kikao Ndugu Alawi akaniita pembeni. Huyu ni mtu wa maneno machache, uso wake umefungwa kama mlango wa benki. Akasema, "Kandida, kipindi hakiendi hewani bila sahihi yangu. Nataka kwenda Babati kuiona redio inayopokea vipindi ambavyo hatujavirusha."

Hakucheka, wala hakukasirika. Sijui anakuja kutazama au anakuja kutafuta sababu ya kunifukuza, na sithubutu kumwuliza. Nimekwisha kumwambia daraja limekatika. Akasema atavuka kwa miguu.

Mtambo sasa umepona. Atakuja na betri mpya. Kipindi cha siku hiyo ni cha mvua, nimekitunga vizuri. Mimi sitakuja, gari lina nafasi ya dereva, yeye na mashine yake tu. Mjomba, nakusihi, siku hiyo usiingie stoo. Acha redio iseme, watoto wasikilize, mgeni apande gari arudi. Kazi yangu iko mikononi mwako, na safari hii mikono hiyo isishike faneli.

Mpwa wako mwenye hofu,
Kandida


Babati,
7 Oktoba 1984

Mpwa wangu Kandida,

Najua unasoma kwa kuruka salamu, kwa hiyo nazipeleka zote pamoja: tu wazima.

Alikuja. Nilivaa lile koti la harusi ya mama yako. Watoto walioga, tena kwa sabuni, kwa maana Bushiri alitoa mche mmoja akasema ni kwa ajili ya heshima ya Babati. Alawi akatia betri mpya kwa mkono wake, akaketi nyuma karibu na Romanus, mashine yake ya kunasa ikizunguka. Nikageuza kitufe. Nilisimama pembeni kama ulivyoniagiza, mikono nyuma.

Ulisema vizuri sana habari za mvua. Mvuke unapanda, unapoa, unakuwa wingu. Ukauliza swali, wakajibu, ukasema "Vizuri sana!" Mgeni akatikisa kichwa kukubali. Moyo wangu ukaanza kutulia.

Ndipo Tunu akanyoosha kidole.

Wewe ukaendelea kusema. Akasimama. Ukaendelea. Akasema kwa adabu, "Redio, mimi nina swali. Wingu linapita hapa kwetu Babati kila siku. Kwa nini halinyeshi hapa, linakwenda kunyesha Mbulu?" Wewe ukawa unaimba wimbo wa matone. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Ukaimba ubeti wa pili.

Watoto wakatazamana. Tunu akanigeukia, uso umejaa huruma, akasema, "Mwalimu, redio ya leo ni mgonjwa. Haisikii."

Nikajifanya sikusikia, nikawa mgonjwa kama redio. Romanus, Mungu ambariki na Mungu amsamehe, akasimama kule nyuma ubavuni mwa mkuu wako, akapaza sauti: "Mwalimu, si uingie tu stoo!"

Kandida, nilitamani bati liniangukie. Darasa zima likaitikia, "Ndiyo Mwalimu, ingia!" Walijua. Zena aliwauliza baadaye tangu lini, wakasema tangu siku ya kwanza, redio ilipokohoa kikohozi changu. Akawauliza mbona hawakusema. Tunu akamjibu, "Tungesema, asingejibu tena."

Alawi aliinuka taratibu, akaja mbele, akaizima redio. Nilifikiri kazi yako imekwisha, na ni mimi niliyeimaliza. Akasema tu, "Mwalimu, mtoto ameuliza." Akarudi kuketi.

Nilisimama pale bila kanga wala faneli, macho yote yakinitazama. Ulimi ulitaka kusema kaa chini, kama siku zote. Nikauzuia. Nikasema, "Tunu, sijui."

Tangu nianze kufundisha sijawahi kutamka neno hilo mbele ya watoto. Nilidhani wataniona mtu bure. Badala yake vidole vikanyooka darasa zima. Mmoja akasema labda ni baridi ya kule. Mwingine akasema labda wingu linachoka kupanda. Romanus akasema milima inalizuia kama ng'ombe mlangoni pa zizi. Nikamwuliza, "Likizuiwa, linakwenda wapi?" Akafikiri. "Juu." "Na juu kuna nini?" "Baridi!" akapiga kelele mpaka akasimama juu ya kiti. Jibu likatoka kwao, nami nikiwapo. Tuliendelea mpaka wakati wa uji ukapita na hakuna aliyeukumbuka.

Mgeni alikula kwetu ugali na maziwa. Akaomba kuiona stoo. Aliingia peke yake, nasi tukasikia kwenye faneli sauti ndogo ikisema, "Hamjambo, watoto." Alipotoka uso ulikuwa uleule wa mlango wa benki. Akapanda gari, akaenda zake, na yote ameyanasa kwenye mashine.

Sijui nimekufanyia nini, mwanangu. Niambie hata kama ni baya.

Mjomba wako,
Damasi


Dar es Salaam,
9 Desemba 1984

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na heri ya Uhuru. Nisamehe kwa kuchelewa. Sikutaka kuandika kabla ya kujua, na siku mbili tatu nilikwenda kulitazama lile dirisha la matangazo ya vifo nizoee.

Ndugu Alawi alipiga mkanda wako mbele ya wakubwa. Hakueleza kitu, alibonyeza tu na kuketi. "Mwalimu, si uingie tu stoo!" ikajaa ukumbini. Yule mzee wa miwani alicheka mpaka akatolewa nje kupewa maji. Kisha wakakusikia unasema "sijui", na hapo wakasikiliza mpaka wingu likafika juu.

Mkubwa mmoja akauliza jambo hilo litaigharimu nchi kiasi gani. Alawi akasema, "Halina gharama. Linapunguza betri." Mwaka huu ukitamka maneno hayo umeshinda kesi.

Kitengo hakifungwi. Kuanzia Januari kila kipindi kitakuwa nusu. Katikati nitasema, "Sasa zimeni redio, mwulizeni mwalimu wenu." Nimeagizwa kutunga vyote upya. Nilipotoka kikaoni Alawi akaniambia nikuletee salamu, na kwamba faneli yako ina sauti safi kuliko mtambo wetu. Nadhani alitabasamu. Koridoni kulikuwa na giza.

"Vizuri sana" nimeziondoa zote. Ulikuwa na haki ya kulalamika, hazikuwa zikimlenga mtu yeyote. Lakini ziliniuma kuziondoa, Mjomba. Nilikuwa nimezizoea, ingawa naona sasa kwamba muda wote nilikuwa najiambia mwenyewe.

Betri nne zimo humu. Usimpe Zena.

Mpwa wako,
Kandida


Babati,
5 Februari 1985

Mpwa wangu Kandida,

Wote wazima. Goti limerudi kwa mama yako, amelipokea. Bushiri amepata kiberiti. Faneli nimemrudishia mke wangu, naye ameniambia mafuta yananukia Sayansi.

Leo ni Jumanne. Saa nne tulikusikia, darasa la tano wapya wameketi, na Romanus na Tunu, ambao sasa ni wa la sita, wamejibanza dirishani bila ruhusa. Ulisema habari za mbegu. Kisha ukasema, "Sasa zimeni redio, mwulizeni mwalimu wenu."

Nikazima. Hawa wapya hawanijui, wananijua kwa sifa zangu za zamani tu. Waliinamisha vichwa. Nikangoja. Nikangoja tena. Mwisho kadogo kamoja ka mbele, kanaitwa Pantaleo, kakanyoosha kidole nusu, kama mtu anayepima moto. Nikamwambia, "Uliza, baba." Akauliza mbegu inajuaje upande wa juu, nayo iko gizani.

Nilikuwa sijui. Nikamwambia hivyo, tukaenda nje na jembe.

Sasa nikwambie kitu ambacho kilipaswa kusemwa zamani, ulipokuwa mstari wa mbele na rinda la viraka, unajibu kila swali na mimi nakupita kumwita mwingine. Nilikuwa nasikia majibu yako. Nilidhani ukimsifu mtoto anaharibika, na nilikuwa nimekosea. Hapa hakuna redio wala kanga, ni mimi mjomba wako na kalamu yangu.

Vizuri sana, Kandida.

Damasi